Maswali ya Dirishani: Historia Fupi ya Tahadhari kabla ya Antibiotiki

Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa historia kwamba nyaraka hazikai makavazini tu. Upo waraka mmoja unaosomwa kwa sauti kila siku katika hospitali na maduka ya dawa ya nchi hii, na wanaousoma hawajui kuwa wanasoma historia. Ni yale maswali ambayo mfamasia mwenye kuijua kazi yake humuuliza mgonjwa kabla ya kumkabidhi antibiotiki aliyoandikiwa na daktari. Umewahi kudhurika na dawa yoyote? Una ujauzito? Unanyonyesha? Mtoto ana kilo ngapi? Kuna dawa nyingine unayotumia, hata ya kienyeji? Una tatizo lolote la figo au ini? Mgonjwa mwenye haraka huyajibu kwa kutikisa kichwa. Mwenye foleni nyuma yake huyajibu kwa "hapana" moja inayoyafunika yote. Na wengi wetu, tuseme kweli, hatuulizwi kabisa.

Maswali hayo hayakutungwa ofisini na walimu wa famasia wakinywa chai ya saa nne. Karibu kila moja lina mwaka wake wa kuzaliwa, na nyuma ya mwaka huo pana watu waliokufa au kulemaa kwa sababu swali hilo lilikuwa halijaulizwa. Tena mengi yalipingwa: na wenye viwanda walioona kwamba onyo hupunguza mauzo, na wakati mwingine na madaktari walioona kwamba mgonjwa hapaswi kujua mengi. Ndiyo maana nalileta jambo hili katika ukurasa ambao wasomaji wake wamezoea kukuta habari za katiba, bajeti na vyama. Nani ana haki ya kujua kilichomo ndani ya kidonge, na nani ana wajibu wa kumwambia, ni swali la kisiasa kabla ya kuwa la kitabibu.

Nianze na mwaka 1937, mwaka ambao nchi tajiri kuliko zote ilibaini kwamba haikuwa na sheria yoyote ya kumzuia mtengenezaji wa dawa asiwauzie watoto sumu.

Miaka miwili kabla, mtafiti wa Kijerumani Gerhard Domagk alikuwa ametangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika maabara za Bayer: rangi nyekundu iliyoitwa Prontosil iliwaponya panya walioambukizwa bakteria wa kuua. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris wakagundua upesi kwamba wekundu haukuwa na kazi yoyote. Kilichoponya ni sehemu moja tu ya mchanganyiko huo, sulfanilamidi, kemikali iliyokuwa ikijulikana tangu 1908 na ambayo hakuna aliyeweza kudai hataza yake. Kila kiwanda kikawa huru kuitengeneza. (Wenye istilahi watanikumbusha kwamba dawa za salfa si antibiotiki kwa maana finyu, kwa kuwa hazikutokana na kiumbe hai. Mgonjwa dirishani hana habari na tofauti hiyo, nami nitaiacha.) Mwishoni mwa 1936 mtoto wa Rais Roosevelt alitibiwa kwa dawa ya ukoo huo akapona, na magazeti yakaandika. Baada ya hapo kila mtu aliitaka.

Kampuni ya S. E. Massengill ya Bristol, Tennessee, iliambiwa na mawakala wake kwamba wateja wa kusini wanataka dawa ya maji, hasa kwa ajili ya watoto wasioweza kumeza vidonge. Tatizo lilikuwa kwamba sulfanilamidi haiyeyuki vizuri katika maji wala katika kileo. Mkemia mkuu wa kampuni, Harold Watkins, akapata kiyeyushi kilichofaa: diethilini glikoli, kemikali ya viwandani inayotumika pia katika vimiminika vya kuzuia maji ya injini yasigande. Ikatiwa ladha ya matunda na rangi ya kupendeza. Kampuni iliipima kwa ladha, kwa sura na kwa harufu. Haikuipima kama inaua, kwa sababu hakuna sheria iliyoitaka ifanye hivyo. Mwezi Septemba 1937 ikasambazwa nchi nzima kwa jina la Elixir Sulfanilamide.

Katikati ya Oktoba madaktari wa Tulsa, Oklahoma, wakaanza kuripoti watoto waliokoma kukojoa. Diethilini glikoli huua figo kwanza; mgonjwa hufa polepole, kwa maumivu, akiwa na akili zake. Walikufa zaidi ya watu 100 katika majimbo 15, wakiwamo watoto walioumwa koo tu. Serikali ikawatoa karibu wakaguzi wake wote, 239, kwenda kuisaka chupa baada ya chupa. Kati ya galoni 240 zilizotengenezwa walifanikiwa kuzipata 234. Msomaji afanye hesabu mwenyewe: galoni sita, yaani lita zipatazo 22, ndoo moja ya maji ya kuoga, ndizo zilizotosha kujaza makaburi hayo yote.

Sasa njoo kwenye sheria. Serikali ilipotaka kuishtaki kampuni ilikuta haina kosa la kuishtakia. Sheria ya 1906 ilikataza lebo za uongo, basi. Kuuza dawa isiyopimwa halikuwa kosa. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kilugha: neno "eliksiri" katika taaluma ya dawa humaanisha dawa iliyoyeyushwa kwa kileo, na hiyo haikuwa na kileo. Kampuni ikatozwa faini ya dola 26,100 kwa kosa la jina. Kama lebo ingeandikwa "mchanganyiko" badala ya "eliksiri", hata wakaguzi wale 239 wasingekuwa na mamlaka ya kuzikamata zile chupa. Mwenye kampuni alisema anasikitika lakini haoni kwamba wao wana wajibu wowote katika vifo hivyo. Mkemia wake alijiua kabla ya kesi.

Kuna jambo huwa nalisisitiza kwa wanafunzi wanaodhani kwamba sheria nzuri hutokana na hoja nzuri. Muswada wa kuibadili sheria ya 1906 ulikuwa umekwama katika Bunge la Marekani tangu 1933. Hoja zote zilikuwa zimekwisha kutolewa, picha za walioharibiwa na dawa na vipodozi zilikuwa zimekwisha kuoneshwa, na wenye viwanda walikuwa wameuzuia miaka minne. Ukapita Juni 1938. Tangu hapo mtengenezaji akawajibika kuonesha kwamba dawa ni salama kabla ya kuiuza, na lebo ikalazimika kubeba maelekezo na maonyo. Katika utekelezaji wa sheria hiyo ndipo lilipojengeka kundi la dawa ambazo haziuzwi bila cheti cha daktari, kundi lililopewa mipaka ya wazi na marekebisho ya 1951. Uingereza nayo ilikuwa imeitungia penisilini sheria yake mwaka 1947. Cheti, kile kikaratasi tunachokiona kama usumbufu wa kumtajirisha daktari, kilizaliwa hivyo.

Wala kemikali ile haikufa na karne yake. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70 walikufa baada ya kunyweshwa dawa za maji za kikohozi zilizoagizwa kutoka ng'ambo, na ndani yake ikakutwa diethilini glikoli na ndugu yake ethilini glikoli. Nchi hiyo haikuwa na maabara ya kupimia dawa zinazoingia.

Swali la aleji lina historia fupi zaidi, ingawa ndilo linaloulizwa zaidi. Penisilini ilijaribiwa kwa mgonjwa wa kwanza wa Oxford, polisi Albert Alexander, Februari 1941. Akapata nafuu ya kushangaza, dawa ikaisha, akafa. Vita vikaigeuza kuwa bidhaa ya viwandani, na amani ikaigeuza kuwa bidhaa ya dukani: iliwekwa katika pipi za koo, katika malhamu, hata katika dawa za meno. Mwili uliokutana na penisilini kwa namna hizo ndogondogo ulijifunza kuichukia, na ilipokuja sindano ya kweli ukapigana nayo kwa ghafla: koo likavimba, shinikizo la damu likaanguka, mgonjwa akafa katika dakika chache. Mwishoni mwa miaka ya 1940 vifo hivyo vilikuwa vimeanza kuandikwa katika majarida ya tiba. Hapo ndipo swali "umewahi kudhurika?" lilipopata uzito wa uhai na mauti.

Lakini jibu lake nalo lina hila. Marekani, karibu mtu mmoja katika kila kumi ameandikiwa katika faili lake kwamba ana aleji ya penisilini. Wanapopimwa, wenye aleji ya kweli hawafiki mmoja katika kila mia ya watu wote. Wengine walitapika tu walipokuwa wadogo, wengine walitoka vipele vya ugonjwa wenyewe, wengine walikuwa na aleji ikaisha kwa miaka. Mtu wa namna hiyo hupewa dawa ghali zaidi na kali zaidi bila sababu. Kwa hiyo swali kamili si "una aleji?" bali "ilikuwaje?": ulipata nini, baada ya muda gani, mwaka gani. Hapa kwetu, ambako watu wengi hujitambulisha kwa kusema "mimi na salfa hatupatani" kwa sababu ya Septrin waliyomeza zamani, sijasikia mara nyingi mtu akiulizwa hilo la pili.

Kisa kinachonishughulisha kuliko vyote ni cha kloramfenikoli, kwa sababu ndani yake onyo lilikuwapo, limeandikwa, limebandikwa, na watu wakaendelea kufa.

Dawa hiyo ilitoka katika vimelea vya udongo wa karibu na Caracas, Venezuela, mwaka 1947. Kampuni ya Parke-Davis ya Detroit iliingiza sokoni toleo lake, Chloromycetin, mwaka 1949. Ilikuwa ajabu ya kweli: iliponya homa ya matumbo, ugonjwa uliokuwa ukiua bila kizuizi, ilimezwa, haikuhitaji sindano, na baada ya muda mfupi iliweza kutengenezwa kiwandani bila kusubiri vimelea. Madaktari wakaiandika kwa kila kitu. Mafua. Koo. Chunusi. Mafua hayatokani na bakteria, na hakuna antibiotiki iliyowahi kuyaponya, lakini mgonjwa alitaka kitu na daktari alikuwa nacho.

Kufikia 1952 ripoti zikawa nyingi kiasi cha kutopuuzwa: baadhi ya waliomeza dawa hiyo uboho wao ulikoma kutengeneza damu. Hutokea kwa mtu mmoja katika makumi ya maelfu, wiki au miezi baada ya dozi, wakati mgonjwa amekwisha kusahau kwamba alimeza dawa; na wengi wa wanaopatwa hufa. Daktari mmoja wa California alimpa dawa hiyo mwanawe mwenyewe. Mtoto akafa mwaka huo wa 1952. Baba akasafiri kwa gari hadi Washington, njiani akiwauliza madaktari wa mji baada ya mji kama nao wana wagonjwa wa namna hiyo, akawasilisha orodha yake serikalini.

Serikali ilichunguza, ikaruhusu dawa iendelee kuuzwa kwa sharti la kubandikwa onyo kwamba isitumike kwa maradhi madogo. Uamuzi huo, nadhani, ulikuwa sahihi. Kwa mgonjwa wa homa ya matumbo, hatari ya mmoja katika makumi ya maelfu ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari ya ugonjwa wenyewe. Kwa mwenye mafua ni uhalifu. Barani kwetu dawa hiyo hiyo, ikiwa katika mafuta, kwa sindano moja, iliokoa maisha ya watu wengi katika milipuko ya homa ya uti wa mgongo ya ukanda wa Saheli. Dawa haina tabia njema wala mbaya yenyewe, tabia yake hutegemea swali lililotangulia, yaani "ya nini?"

Kampuni, hata hivyo, ilitangaza kwamba dawa yake imeruhusiwa bila kuwekewa kikomo cha maradhi inayoweza kutibu, na mawakala wake wakaufikisha ujumbe huo kwa madaktari. Mauzo yaliyokuwa yameanguka yakapanda tena mwaka hadi mwaka. Seneta Estes Kefauver aliliibua jambo hilo katika vikao vyake vya 1960, vikao ambavyo vilianza kwa kuhoji bei na vikaishia kuhoji ukweli. Miaka miwili baadaye, baada ya msiba wa thalidomidi, vikazaa sheria ya kumtaka mtengenezaji athibitishe pia kwamba dawa yake inafanya kazi. Bado kloramfenikoli iliandikiwa mamilioni ya Wamarekani. Ilimlazimu seneta mwingine, Gaylord Nelson, kuendesha vikao tena mwaka 1967 na 1968, mbele ya magazeti na televisheni, ndipo matumizi yakashuka kwa kasi. Miaka 15 baada ya onyo la kwanza. Kilichobadilika hakikuwa elimu ya madaktari, maana habari ilikuwapo katika lebo muda wote. Kilichobadilika ni kwamba wagonjwa wenyewe walisikia, wakaanza kuuliza.

Katika mwongo huo huo maswali mengine yalizaliwa, nami nayapita haraka. Mwaka 1956 watafiti waliandika kuhusu watoto waliotibiwa kwa tetrasaiklini ambao meno yao yaliota ya manjano na kahawia, kwa kuwa dawa hiyo hujishika na madini ya jino linalojengeka, hata la mtoto aliye tumboni; ndiyo sababu ya swali la ujauzito na la umri. Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles walionesha kwamba watoto njiti waliopewa kloramfenikoli kwa tahadhari njema, ili wasipate maambukizo, walikuwa wakigeuka rangi ya kijivu na kufa, kwa sababu ini la mtoto mchanga haliwezi bado kuivunja dawa hiyo. Ndiyo sababu ya swali la uzito. Mwaka 1963 ikaripotiwa kwamba tetrasaiklini iliyopitwa na muda iliwaharibu wagonjwa figo. Tangu hapo tarehe ya kwisha muda ikawa zaidi ya pambo. Streptomaisini, iliyogunduliwa 1943 na kuwafungua wagonjwa wa kifua kikuu, ilibainika mapema mno kwamba huharibu masikio. Saiprofloksasini, ile "sipro" inayonunuliwa leo kama njugu, ilipewa onyo kali nchini Marekani mwaka 2008 kwa kuwa huweza kukata kano, hasa ile ya kisigino, kwa wazee na kwa wanaotumia dawa za steroidi.

Na hapa niruhusiwe mchepuko. Katika maonyo yote ya antibiotiki, moja tu ndilo ninaloweza kuapa kwamba kila Mtanzania mzima analijua: Flagyl na bia haviendi pamoja. Inachekesha kidogo kwamba hilo ndilo lenye ushahidi dhaifu. Jaribio dogo lililofanywa Finland na kuchapishwa 2002 halikuuona mgongano huo. Lebo nyingi bado zinakataza, nami simshauri mtu azipuuze. Nataka tu msomaji atambue kwamba jamii yetu ina uwezo kamili wa kulipokea, kulitunza na kulirithisha onyo la dawa, mradi linahusu jambo tunalolithamini.

Lebo zilizopatikana kwa taabu hiyo hazikusafiri pamoja na dawa. Mwaka 1976 Milton Silverman, mtafiti wa Marekani, alichapisha ulinganisho wa maelezo ya dawa zilizouzwa Marekani na Amerika ya Kusini na Kati. Dawa ileile, kampuni ileile: kaskazini orodha ya matumizi fupi na maonyo marefu, kusini matumizi marefu na maonyo machache, au hakuna. Kloramfenikoli ilikuwamo. Mwaka 1978 John Yudkin, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Tanzania, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu namna dawa zinavyofika na kutangazwa katika nchi maskini. Wakati huo huo Shirika la Afya Duniani, chini ya Halfdan Mahler, lilikuwa limetoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, 1977. Wenye viwanda hawakuifurahia. Novemba 1985 shirika hilo likawaita Nairobi wawakilishi wa serikali, wa viwanda na wa watetezi wa walaji, wakakubaliana maana ya matumizi sahihi ya dawa: dawa inayomfaa mgonjwa, kwa dozi yake, kwa muda unaotosha, kwa gharama iliyo ndogo kwake na kwa jamii yake. Fasili hiyo inafundishwa hadi leo ulimwenguni kote, na wanafunzi wachache wa Afrika Mashariki wanajua ilikubaliwa wapi.

Nairobi ilitoa pia sura nyingine ya historia hii, chungu zaidi. Baada ya vita Domagk, yule yule wa Prontosil, alikuwa amesaidia kuibua dawa ya kifua kikuu iitwayo thiasetazoni. Ulaya haikuipenda sana. Lakini ilikuwa rahisi mno kwa bei, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilijaribiwa kwa uangalifu katika hospitali za Afrika Mashariki, pamoja na watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ikaonekana kwamba watu wetu wanaivumilia ikichanganywa na isoniazidi. Ikawa nguzo ya matibabu ya kifua kikuu kwa miaka zaidi ya 20. Ilikuwa salama, ilipimwa hapa hapa, kwa wagonjwa wa hapa.

Kisha VVU vikaja, na wagonjwa hawakuwa tena wale wa 1960. Mwaka 1991 kundi la watafiti wa Nairobi, Wakenya na Waingereza, lilichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wenye VVU waliopewa thiasetazoni walipatwa na madhara ya ngozi kwa kiwango kikubwa mno kuliko wasio na VVU. Ngozi ilichubuka kama ya aliyeungua moto, macho na kinywa vikaoza, baadhi walikufa. Shirika la Afya Duniani likashauri isitumike kwa wenye VVU. Mbadala wake, ethambutoli, ulikuwa ghali zaidi, na mipango ya taifa ilibidi iamue kati ya ngozi za wagonjwa na bajeti. Nawasihi watumishi wa umma wanaosoma hapa wakitafakari kisa hiki kwa makini kuliko kile cha Tennessee. Hapakuwa na tapeli. Palikuwa na dawa nzuri, utafiti mzuri, nia njema, na swali moja jipya, "afya yako kwa jumla ikoje sasa?", ambalo dirisha halikuwa limejifunza kuliuliza.

Sheria zetu zina kumbukumbu ya mambo haya katika majina yake. Ile ya Kenya ya 1957 na ile ya Tanzania ya 1978 zote zilitaja dawa na sumu kwa pumzi moja, na yale maduka tuliyoyaita ya dawa baridi, kwa lugha ya sheria, yalikuwa maduka ya kundi la pili la sumu. Sheria ya 2003 ikaliondoa neno hilo. Mwaka huo huo, mkoani Ruvuma, yakaanza maduka ya dawa muhimu: muuzaji amefundishwa, duka limekaguliwa, na anaruhusiwa kuuza antibiotiki chache zilizoorodheshwa. Wapo wanaoulaani mpango huo kwamba ulifungua mlango. Mimi nadhani mlango ulikuwa wazi siku nyingi. Mpango ulimweka bawabu. Kijiji kisicho na mfamasia kilomita 60 kila upande hakiwezi kuambiwa kisubiri.

Lakini bawabu huyo analipwa kwa kuuza, si kwa kuuliza. Mgonjwa akija na shilingi elfu mbili anataka vidonge sita vya rangi mbili kati ya 15, na akikataliwa anavuka barabara. Hapo hapana nafasi ya figo wala ujauzito. Nusu dozi hiyo Fleming aliionya katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 1945, kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa: anayemeza kidogo huwafundisha vijidudu kustahimili. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unakadiriwa kuwa ndio uliosababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika iliyo kusini mwa Sahara ilibeba mzigo mzito kuliko kanda nyingine.

Vidonge hivyo sita hutiwa katika kibahasha kidogo chenye maandishi ya kalamu: 1x3. Karatasi ya maelezo, ile ambayo kila mstari wake una kaburi, imebaki ndani ya boksi dukani, kwa Kiingereza, kwa herufi za kumpofusha chiriku. Anayenunua boksi zima huipata. Anayenunua kwa kuhesabu haipati, na anayenunua kwa kuhesabu ndiye maskini. Kwa hiyo tofauti aliyoiona Silverman kati ya mabara mawili ipo sasa kati ya wateja wawili wa duka moja.

Hili halihitaji vikao vya seneti. Linahitaji kanuni moja, kwamba kila antibiotiki itolewe na kikaratasi cha Kiswahili cha mistari mitano, hata ikiwa ni vidonge vitatu. Na mkaguzi atakayeuliza kikaratasi hicho kama anavyouliza leseni ukutani. Gharama yake ni karatasi na wino. Katika wilaya moja ya kusini nilimkuta mteknolojia dawa anayeifanya kazi hiyo bila kanuni: anageuza kibahasha, na upande ule mtupu anaandika kwa mkono, huku foleni ikinung'unika: "Usimeze na maziwa. Ukitoka vipele, acha, rudi na hiki."